Uso Usio na Jina

Kwako dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba hii ya leo uipokee vizuri, maana ile ya kwenye simu huwa unaijibu huku umebana pini mdomoni, nami sijui kama nimeitikiwa marahaba au nimesikia mlio wa cherehani. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Na wale wazazi wa sare za shule, wamekuachia upumue au bado wamekuganda kama kupe? Mimi huku sijambo, ila nimekuwa mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa. Shemeji yako anakusalimu sana. Ameniagiza nikuambie kwamba siku hizi ndiye anayenifunga kamba za viatu, na kwamba siku anakuja kunichumbia hakuna aliyemtajia kazi hiyo.

Mtoto naye mzima. Wiki iliyopita tulikwenda kupigwa picha ya tumbo, na yule mama wa mashine akahangaika robo saa nzima akitafuta sura yake. Kumbe mwanao ameifunika kwa kiganja! Akatuambia tusishangae, watoto wengi humo ndani hujishikashika nyuso, hata kabla hawajajua kuwa wana uso. Shemeji yako akasema huyu amerithi aibu ya kwao. Nikamwambia kwao hakuna aibu, kuna ujeuri tu.

Najua umeshangaa kuletewa barua kama mtu wa zamani. Sababu unaijua nusu. Wiki tatu zilizopita nilikupigia nikakuomba uje ukae nami mtoto akizaliwa. Ulicheka. Ukasema nimwite Mama, kwa sababu wewe na watoto wachanga na maji ya moto hamjawahi kuelewana. Mimi nami nikacheka, tukahamia habari za mvua. Lakini nilipokata simu sikuwa na raha, na hadi leo sina. Bado nataka uje, dada. Nataka uje wewe, kabla ya Mama na kabla ya mtu mwingine yeyote. Barua hii yote ni ya hilo. Ikizungukazunguka njiani nivumilie, unanijua mimi siwezi kufika dukani bila kupita kwa majirani watatu. Uzuri wa barua ni kwamba huwezi kunikatiza.

Nianze na kazi. Uliniuliza siku ile kazi yangu mpya ni ipi, nikakujibu kwa maringo kwamba mimi sasa ni mkaguzi. Ni kweli, ila sikukwambia ninakagua nini. Dada, ninakagua watu wanaojishika uso. Usicheke kwanza. Kiwanda chetu kama unavyojua kinajaza dawa za macho, zile chupa ndogo za matone, na chumba cha kujazia kinatakiwa kiwe kisafi kuliko dhamiri zetu sote. Wanaoingia humo huvaa kofia, barakoa, glavu na joho jeupe, na ni marufuku mkono kugusa uso, hata juu ya barakoa. Ukijigusa unatoka, unanawa, unavaa glavu mpya, ndipo unarudi. Ni dakika saba kila safari. Basi tumbo langu lilipoanza kufika kwenye mashine kabla ya mikono yangu, msimamizi alinitoa humo ndani akanipa kiti kirefu nje ya kioo, niwe ninawatazama wenzangu tisa na kuandika.

Kila mmoja ana karatasi yake ya siku. Juu kuna jina, na chini umechorwa uso mtupu wa mtu yeyote: kichwa, macho mawili, pua, mdomo, masikio, basi. Mtu akijishika ninagonga kioo kwa pete yangu ili atoke, kisha ninatia kitone cha wino mwekundu mahali palepale alipojigusa. Ikifika jioni nyuso zote tisa zina madoa kama watoto wenye tetekuwanga, ninazibana pamoja na kuzipeleka maabara.

Mwanzoni niliona ni kazi ya kipuuzi, kulipwa kwa kukodolea watu macho. Wiki ya pili nikaanza kuipenda. Ungeona, dada! Watu wazima, wenye akili zao, wanaojua kabisa kwamba nipo pale na pete yangu, na bado mkono unapanda. Fundi wa mashine hujivuta ndevu kila mashine ikitoa mlio asioupenda, hata kama ndevu zenyewe zimefichwa ndani ya barakoa, kwa hiyo anavuta barakoa. Msichana wetu aliyeolewa majuzi hupapasa midomo, na anachokifikiria mimi sikiulizi. Kuna Mama Vizibo, anayeitwa hivyo kwa sababu ndiye anayekaza vizibo vya chupa. Yeye akianza kuhesabu katoni hujigonga paji la uso kama anayebisha hodi. Nikimgongea kioo anatoka ameudhika, anauliza amefanya nini. Nikimwambia umejishika, anaapa kwa jina la mama yake mzazi kwamba hakujishika. Na hadanganyi. Hajui kabisa. Hicho ndicho kilichonishangaza, kwamba mtu anaweza kufanya jambo mara ishirini kwa saa na asiwe na habari nalo.

Nilimuuliza mtaalamu wetu wa maabara kwa nini iko hivyo. Sisi tunamwita Bwana Vijidudu, kwa kuwa hajawahi kumaliza sentensi mbili bila kuwataja. Alivua miwani, akajisugua katikati ya macho, yeye mwenyewe, kisha akanieleza kwamba wataalamu bado wanabishana, ila wengi wanaona kuwa mkono hupanda pale akili inapobeba kitu kizito, au moyo ukiwa na wasiwasi. Ni kama mtu anajituliza mwenyewe, alisema, vile unavyompapasa mtoto anayelia. Na hatuoni kwa sababu mkono wako si mgeni usoni pako, hauhitaji kubisha. Nilimpelekea Mama Vizibo maelezo hayo wakati wa chai. Akasema huyo bwana amesoma sana lakini amechelewa kufika. Yeye bibi yake alimwambia zamani kwamba mtu akiwa peke yake na wazo zito, mkono huja kumkalia karibu asione upweke. Nikamwambia hilo nimelipenda kuliko la maabara. Akasema anajua.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Mama Vizibo alivimba mguu, akashindwa kusimama, msimamizi akaamua aje akae na mimi nje ya kioo ajifunze kuhesabu, ili mimi nikienda kujifungua awepo wa kushika nafasi. Hiyo ilikuwa siku ya Ijumaa. Nilimpa kalamu na karatasi tupu ajizoeze. Tukakaa bega kwa bega siku nzima, mimi nikiwatazama wa ndani na kumsimulia habari zangu. Nilimsimulia jinsi nilivyokuomba uje ukakataa. Nikamsimulia pia kwamba jana yake Mama alinipigia, akasema atakuja yeye, na kwamba nihakikishe Mikono Sabuni hashiki birika karibu na mtoto. Mama Vizibo aliuliza Mikono Sabuni ni nani. Nikamwambia ni jina la utani la dada yangu, alipokuwa na miaka kumi na miwili alijimwagia maji ya moto kwa kutokuwa mwangalifu, na tangu hapo ndio jina lake nyumbani. Nilisema hivyo hivyo dada, kwa mdomo wangu huu, kama mtu anayesoma tangazo.

Jumatatu asubuhi Bwana Vijidudu alitoka maabara mbiombio, ameshika karatasi moja kwa ncha za vidole viwili. Ilikuwa katikati ya karatasi za Ijumaa. Haikuwa na jina. Ilikuwa na vitone thelathini na vinane, na vyote viko shavu la kushoto. Hakuna cha pua, hakuna cha kidevu. Akasema mtu anayejishika mahali pamoja mara zote hizo kwa siku moja lazima ana jipu, au jino limeoza, au ana ugonjwa wa ngozi, na mtu wa namna hiyo akiwa ndani ya chumba cha dawa za macho ni balaa. Mashine zikazimwa. Chupa zote za Ijumaa zikawekwa kando zisitoke ghalani. Mama Vizibo siku hiyo alikuwa kwa daktari na mguu wake, na hakuna aliyefikiria kumuuliza chochote, hata mimi niliyempa karatasi ya kujizoeza; nilidhani vitone nimevitia mwenyewe nikasahau, kwa usahaulifu huu wa mimba.

Tukapangwa mstari nje, barakoa mkononi. Na nani aliyepewa kazi ya kukagua mashavu? Mkaguzi, bila shaka. Dada, nilikuwa mkali! Nilipita na ile karatasi nikimlinganisha mtu mmoja mmoja, nikiwageuza nyuso kuelekea dirishani kama mtu anayechagua nyanya. Fundi wa mashine nilimtaka afungue mdomo, nikamhesabia meno. Yule bibi harusi alikuwa na kipele kimoja upande wa kushoto, nikamhoji hadi akatokwa na machozi, kumbe ni mafuta mapya aliyonunuliwa na mumewe. Nikawahutubia kwamba kuficha jambo kunawaumiza wenzako wasio na hatia, na kwamba aliyefanya hivyo ajitokeze mwenyewe, hatutamla. Hakujitokeza mtu. Baadaye nilisikia kwamba muda wote nikihutubia mkono wangu wa kulia ulikuwa na karatasi, na wa kushoto ulikuwa shavuni.

Jumatano Mama Vizibo akarudi na mkongojo. Aliikuta ile karatasi imebandikwa ukutani na onyo refu chini yake. Aliisoma, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaomba kiti. Akasema hiyo ni ya kwake. Alikuwa ameambiwa ajizoeze, wale wa ndani yeye hawaoni vizuri kwa mbali, na mtu aliyekuwa karibu ni mimi. Jina hakuandika kwa sababu aliona ni utovu wa adabu kumwandika mwalimu wake. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akaiweka kwenye rundo pamoja na nyingine.

Nyani haoni kundule, dada. Walinicheka siku nzima. Fundi wa mashine alinijia akaniomba, kwa heshima zote, nifungue mdomo. Nami nikacheka nao, nikamwomba radhi bibi harusi, na chupa zikatolewa ghalani. Bwana Vijidudu aliniita pembeni akaniuliza taratibu kama jino linanisumbua. Nikamwambia halinisumbui. Mama Vizibo hakuuliza kuhusu jino. Alingoja wenzetu waingie ndani, akaniambia kwamba Ijumaa ile mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa nilipozungumzia mume, mtoto, hata uchungu wa kuzaa ninaouogopa. Ulipanda kila nilipomtaja dada yangu.

Niliibandua ile karatasi nikaenda nayo chumba cha kubadilishia nguo, nikakaa kwenye benchi. Nimejaza mamia ya nyuso zile mwaka huu na sijawahi kuuona uso wa mtu ndani yake, ni vitone tu. Huo niliutambua mara moja. Vilianza vingi chini ya jicho, vikashuka vikipungua, na karibu na sikio vikagawanyika njia mbili. Dada, lile si shavu langu. Ni kovu lako. Uso ule ni wako, na mkono wangu ulikuwa unalifuata kovu mahali lilipo miaka yote hii, bila mimi kuuagiza.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mimi nakumbuka.

Najua wewe unadhani sikumbuki. Nilikuwa na miaka sita, na siku zote mkisimulia habari ile mmekuwa mkisema bahati nzuri mdogo alikuwa mdogo, hakuelewa kitu. Nilielewa. Mama alikuwa ametoka, ametuacha wawili. Asubuhi ile alikuwa amenikaripia kwa kucheza chini ya meza, akaapa kwamba akinikuta tena huko nitaona cha moto. Alipotoka tu nikaingia. Nilikuwa ninajenga nyumba, na nyumba haikuwa na mlango, kwa hiyo nikavuta kitambaa cha meza ili kishuke kiwe pazia. Kilikuwa kigumu. Nikavuta kwa mikono miwili. Sikujua kwamba umetoka kuweka birika juu yake. Wewe uliliona likija upande wangu. Hukujikwaa, dada. Uliruka, ukanisukuma kwa mikono yote miwili hadi ukutani, na maji yakakukuta wewe umeinama. Nakumbuka kwamba hukupiga kelele mara moja. Uliniangalia kwanza.

Na Mama aliporudi, majirani wameshajaa, ulisema umejikwaa. Ulilisema kabla hajauliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na kitambaa bado nimekishika, na hakuna mtu aliyekitazama.

Ungekuwa mwisho wa kosa langu huo, ningesema nilikuwa mtoto. Lakini kuna la pili, na hili wewe hulijui kabisa. Mwaka uliofuata, siku moja Mama ananisuka, aliniuliza kwa upole sana. Alisema kuna kitu hakimwingii akilini, mtu akijikwaa maji humwagika mbele yake, hayamrudii usoni. Akasema wewe ulikuwepo mwanangu, niambie, sitakupiga wala sitamkasirikia mtu. Nikamwambia alijikwaa, Mama, nilimwona. Nilikuwa na miaka saba, na mlango alikuwa amenifungulia wazi. Mama akavuta pumzi, akaendelea kusuka. Tangu siku hiyo ndipo lile jina Mikono Sabuni lilipokolea, kwa sababu sasa lilikuwa na shahidi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu imetembea miaka ishirini na minne na viatu bado vizima. Na mimi nimekuwa nikiutazama uongo ule ukikufanyia kazi. Wewe, mtu unayetunga uzi kwenye sindano nyembamba bila miwani, unayeshona tundu la kifungo ambalo mteja hulipitishia kidole akitafuta kosa asilione, unabeba kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mgonjwa. Chai yenyewe unaingoja ipoe. Mapacha wa kaka walipozaliwa uliwashonea kila kitu, kofia hadi soksi, lakini siku tulipokwenda kuwaona wifi alinyoosha mikono akupe mmoja, na Mama akadakia, akasema mpe mdogo wake, huyo atamwangusha. Watu wakacheka. Mimi nikampokea mtoto. Nilipogeuka nilikuona umekaa kwenye kochi umekalia viganja vyako. Wale watoto wako darasa la tatu sasa, na hujawahi kumbeba hata mmoja.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Siku ile kwenye simu hukuwa unatania. Niliisikia sauti yako. Ulikuwa unaniambia kweli, kwamba wewe si wa kuaminiwa na mtoto. Ulimdanganya Mama ili kuniokoa mimi, na sasa umeusahau ukweli, umebaki unauamini uongo wako mwenyewe. Sijui kama ndivyo, labda unakumbuka kila kitu na umeamua kunyamaza. Kwa vyovyote vile nakuambia mimi, niliyekuwepo, niliyekuwa chini ya meza: hukuwahi kumwaga kitu. Mikono yako siku ile ilifanya kazi moja tu, nayo ilifanikiwa. Mimi sina hata doa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimebakiza wiki saba, kwa hiyo muda wa kuficha umekwisha. Jumapili iliyopita nilimpigia Mama. Shemeji yako nilimwambia kwanza, akakaa kando yangu akanishika bega. Nilimweleza Mama yote, pazia, birika, na ile siku ya kusukwa. Akaniambia nisubiri, akaiweka simu mezani, nikasikia hatua zake zikienda na mlango ukifungwa. Alikaa huko muda mrefu. Kisha akarudi. Hakunigombeza, ingawa nilitamani anigombeze. Aliuliza kama ninakumbuka ulisema nini usiku ule ukiwa na bandeji. Nikasema sikumbuki. Akasema ulimuuliza kama mdogo amekula.

Alinipigia tena Jumatatu. Alisema yeye hatakuja mwanzoni, atakuja baadaye kama mgeni. Alisema anataka kukuona uso kwa uso na hajui ataanzaje, kwa hiyo akija kwako siku yoyote ukamkuta amesimama tu mlangoni na mkoba wake, mfungulie, usimwulize kitu. Jina lile hakulitaja. Alikutaja kwa jina lako, akalirudia.

Nisamehe, dada. Nisamehe la meza, na zaidi nisamehe la kusukwa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, nimestahili na nimechelewa. Una haki ya kuichana barua hii ukaitia kwenye kapu la vitambaa. Ila ukiichana, bado uje. Hasira njoo nayo, chumba kipo, tumekipaka rangi, na shemeji yako amekutengenezea kimeza karibu na dirisha cha kuwekea cherehani kwa sababu najua huwezi kukaa siku mbili bila kushona.

Nimeshawaambia wakunga kwamba atakayempokea mtoto mikononi baada yao ni wewe. Wameandika kwenye faili langu. Mimi sitakuwa na nguvu, na baba yake ana mikono inayotetemeka hata akishika yai, mwenyewe amekiri. Na tukirudi nyumbani, maji ya kumwogesha utayachemsha wewe, utayabeba wewe, utayapima kwa kiwiko chako wewe. Mimi nitakuwa nimelala chumba cha pili. Sitakuja kuangalia.

Nisalimie mafundi wenzako wote hapo kazini, na yule jirani yako anayeazima pasi asirudishe. Msalimie kaka ukimwona, na wifi, na mapacha. Tunza mgongo wako, usiinamie cherehani bila kupumzika. Usinijibu kwa simu, nitalia na hutaelewa ninachosema. Nijibu kwa kuja.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Kitindamimba